Sanduku la kanda za baba: je, filamu za kiangazi za zamani zilikuwa bora?

Swali: Shikamoo mwalimu. Nina miaka 27, naishi Morogoro. Baba yangu aliendesha banda la video tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 hadi mwaka 2004, na ameniachia sanduku la kanda za VHS, nyingi za Kimarekani. Nataka kuanzisha jioni ya sinema kwa vijana wa mtaani kwetu, kila Jumamosi kuanzia Juni hadi Agosti. Baba anashikilia kwamba filamu kubwa zilizokuwa zikitoka Marekani wakati wa kiangazi zamani zilikuwa bora kuliko hizi za sasa, na kwamba mwaka 1982 haujapata mpinzani. Mimi naona ni mapenzi ya ujana wake tu. Nani yuko sahihi? Na kwa nini wenzetu huachia filamu zao kubwa miezi hiyohiyo?

Jibu: Marahaba mwanangu. Kuhusu mwaka 1982 baba yako yuko sahihi, na nitakueleza kwa nini. Kuhusu hayo mengine, nadhani sanduku lake limempa picha isiyo kamili, ingawa kuna jambo analolihisi ambalo ni la kweli kabisa. Jambo hilo ni muda. Si kwamba filamu za zamani zote zilikuwa nzuri zaidi. Zilipewa nafasi ya kukutana na watazamaji wake, na nafasi hiyo imekuwa ikipungua kila muongo.

Nianze na swali lako la mwisho, maana bila hilo mengine hayataeleweka.

Kwetu Juni hadi Agosti ni kipupwe. Ninyi wa Morogoro mnaijua baridi inayoshuka kutoka Uluguru, na Nairobi miezi hiyo watu hutoa makoti kabatini. Marekani ndiyo miezi ya joto kali. Shule hufungwa, familia husafiri, na msimu wenyewe umeshikwa na sikukuu tatu: ya kuwakumbuka askari waliokufa vitani mwishoni mwa Mei, ya uhuru tarehe 4 Julai, na ya wafanyakazi mwanzoni mwa Septemba. Mtu angedhani kipindi hiki kilikuwa cha mavuno kwa wenye sinema tangu mwanzo. Haikuwa hivyo. Ukumbi wenye watu mia kadhaa, madirisha yamezibwa ili kupata giza, mwezi wa Julai, ulikuwa tanuri, na baadhi ya wenye kumbi walifunga milango mpaka joto lipungue. Mambo yalianza kubadilika mwaka 1925, mhandisi Willis Carrier alipofunga mtambo wake wa kupoza hewa katika ukumbi wa Rivoli, New York. Watu wakaanza kuingia sinema kulikimbia jua, hata kama filamu yenyewe hawaijui. Mwaka 1933, huko Camden, New Jersey, ikafunguliwa sinema ya kwanza ya kutazamia ndani ya gari. Wakazi wa Dar es Salaam wa rika langu hawahitaji kuelezwa raha yake, kwani tulikuwa na Drive-In yetu Msasani, pale ulipo ubalozi wa Marekani leo.

Hata hivyo kupoza hewa peke yake hakukutosha. Kwa kawaida filamu ya heshima iliwekewa majira ya vuli au Krismasi, na namna ya kuiachia ilikuwa tofauti kabisa na ya leo. Ilifunguliwa kwanza katika kumbi chache za katikati ya majiji makubwa, ikakaa huko wiki nyingi, wakati mwingine miezi, ndipo ikateremka polepole hadi kumbi za mitaani na za miji midogo. Sifa zake zilisafiri kwa mdomo. Kufungua filamu kila mahali siku moja ilikuwa dalili mbaya. Ilimaanisha mwenye nayo anajua kuwa ni mbovu, na anataka kukusanya fedha kabla watu hawajaambizana.

Ndipo akaja papa.

Jaws, filamu ya papa wa baharini anayekula watu, ilipangwa itoke Krismasi ya mwaka 1974. Mwongozaji wake, Steven Spielberg, aliyekuwa na miaka 27 wakati wa kuipiga, alishikilia kwamba atapiga baharini kwelikweli, kando ya kisiwa cha Martha's Vineyard, si kwenye bwawa la studio. Maji ya chumvi yakawaharibu papa wa mashine waliotengenezwa kwa kazi hiyo. Siku 55 za kupiga picha zilizopangwa zikawa 159, na gharama ikapanda hadi karibu dola milioni 9, zaidi ya mara mbili ya makadirio ya kwanza. Kwa kuwa papa hafanyi kazi, Spielberg akalazimika kumficha, akatutisha kwa muziki wa John Williams na mapipa ya njano yanayoelea juu ya maji. Hilo husimuliwa sana. Kisichosimuliwa sana ni kwamba ucheleweshaji uleule ndio ulioisukuma filamu kutoka Krismasi hadi Juni, ikawakuta watu wako ufukweni na nguo za kuogelea. Msimu huu ambao studio leo huugombania miaka miwili mitatu kabla, Jaws iliufikia kwa sababu mashine ilizama.

Ilifunguliwa tarehe 20 Juni 1975 katika sinema 409 za Marekani kwa siku moja. Siku tatu za kuelekea ufunguzi, studio ya Universal ilimwaga takribani dola 700,000 katika matangazo mafupi ya televisheni, usiku, saa ambazo familia nzima iko sebuleni. Yaani walichukua njia iliyokuwa ya filamu mbovu, wakaitumia kwa filamu nzuri. Wikendi ya kwanza iliingiza dola milioni 7, na kabla ya mwaka kwisha ilikuwa imeipita The Godfather na kuwa filamu iliyoingiza fedha nyingi kuliko zote mpaka wakati huo.

Lakini kuna jambo moja ndani ya hadithi hii ambalo nataka ulishike, kwa sababu ndilo linalomhusu baba yako. Mkuu wa Universal, Lew Wasserman, aliletewa mpango wa kufungua katika kumbi nyingi zaidi, akaupunguza. Alitaka foleni. Alitaka mtu wa mji mdogo awashe gari aifuate filamu mjini, na filamu iishi kiangazi chote. Mwishoni mwa Julai kumbi zikaongezwa, na katikati ya Agosti zikazidi 900. Idadi ya kumbi ilikuwa inapanda kadiri wiki zinavyopita. Filamu kubwa ya leo hufunguliwa katika kumbi zaidi ya 4,000 za Marekani na Canada siku ya kwanza, na kuanzia hapo ni kuteremka tu.

Miaka miwili baadaye, tarehe 25 Mei 1977, Star Wars ilifunguliwa katika sinema 32 tu. Wenye kumbi hawakuitaka. Studio ya Fox ililazimika kuwaambia kwamba anayetaka The Other Side of Midnight, filamu iliyotokana na riwaya iliyouzwa sana na ambayo wote waliitegemea, lazima achukue na hii ya George Lucas. Leo hiyo nyingine imebaki kutajwa kwa sababu ya kisa hiki. Star Wars ilikaa. Baadhi ya sinema ziliionyesha kwa zaidi ya mwaka mzima mfululizo, na watoto waliirudia mara kumi, mara ishirini, mpaka wakajua kila neno. Lucas naye alikuwa amejiwekea haki za bidhaa na za filamu zitakazofuata, haki ambazo Fox haikuziona kuwa na thamani kubwa. Tangu siku hiyo hakuna studio iliyoandika mkataba wa filamu ya kiangazi bila kuwaza midoli, fulana na sehemu ya pili.

Sasa tufike 1982.

Ukiutazama ule mwaka kwa orodha, unashangaa. Mei ilikuwa na Conan the Barbarian, The Road Warrior kutoka Australia, na Rocky III. Tarehe 4 Juni zilifunguliwa Poltergeist na filamu ya pili ya Star Trek, ambayo mashabiki wengi bado wanaihesabu kuwa bora kuliko zote za mfululizo ule. Tarehe 11 Juni ikaja E.T. Wiki mbili baadaye, tarehe 25 Juni, zikafunguliwa siku moja Blade Runner ya Ridley Scott na The Thing ya John Carpenter. Julai ikaja Tron, mojawapo ya filamu za kwanza kutumia kwa wingi picha zilizochorwa na kompyuta. Hayo yote ndani ya miezi mitatu. Nimefundisha historia ya sinema kwa zaidi ya miaka ishirini, na kila nikiandika orodha hiyo ubaoni wanafunzi hudhani nimechanganya miaka.

E.T., hadithi ya kiumbe mpole wa sayari nyingine aliyeachwa duniani, ndiyo iliyotawala. Iligharimu kama dola milioni 10.5, haina nyota mkubwa hata mmoja, na adui wake kwa sehemu kubwa ni miguu ya watu wazima na mwanga wa tochi. Iliingiza takribani dola milioni 12 wikendi ya kwanza. Wikendi ya pili ikaingiza zaidi, ya tatu zaidi tena, ya nne zaidi ya hiyo. Fikiria hilo kama mtu wa banda la video: Jumamosi ya nne una watu wengi kuliko Jumamosi ya kwanza. Hiyo maana yake ni kwamba aliyetoka alikwenda kumwita ndugu yake. Iliendelea kuonyeshwa kwa zaidi ya mwaka, na ikaipita Star Wars.

Lakini kilichonifanya nikubaliane na baba yako si E.T. Ni zile mbili za tarehe 25 Juni, nazo zilianguka. The Thing iligharimu dola milioni 15 na kuingiza chini ya milioni 20 Marekani, na fedha hizo kwanza hugawanywa na wenye kumbi. Wahakiki waliitukana. Walisema ni machukizo matupu, nyama na damu bila roho. Aliyebuni viumbe vya filamu ile alikuwa kijana wa miaka 22, Rob Bottin, aliyefanya kazi mpaka akalazwa hospitalini kwa uchovu. Carpenter alipoteza kazi iliyokuwa ikimsubiri baada ya hapo. Blade Runner nayo, iliyogharimu karibu dola milioni 30, haikurudisha fedha zake kwenye sinema za Marekani. Watu walikuwa wametoka kumlilia kiumbe mpole anayetaka kurudi kwao, hawakuwa tayari kwa kiumbe anayejigeuza sura ya rafiki yako ili akule, wala kwa jiji la mvua isiyokatika ambamo hujui nani ni mtu.

Mwaka mzuri wa sinema, kwangu mimi, ni ule ambao hata walioshindwa walikuwa wakijaribu kitu. Mwaka 1993 Blade Runner iliingizwa katika orodha ya filamu ambazo Maktaba ya Bunge la Marekani huzihifadhi kwa ajili ya taifa. The Thing leo hufundishwa. Na unajua zilipofufukia? Kwenye kanda. Katika deki za majumbani na za vibanda. Mikononi mwa watu kama baba yako.

Nilipoiona The Thing mara ya kwanza ilikuwa kwenye kibanda umiza, Dar es Salaam, televisheni ya inchi 21 juu ya meza, mabenchi ya mbao, jasho, na kanda iliyonakiliwa mara nyingi mpaka theluji ya kwenye filamu na chenga za kwenye kioo zikawa kitu kimoja. Hatukujua kwamba ilianguka. Hakuna aliyetuambia kwamba wahakiki wa New York waliichukia. Tulijua tu kwamba steringi amebaki peke yake na hatujui kama tumwamini. Mwenye banda aliirudisha Alhamisi iliyofuata kwa sababu watu waliiomba. Kibanda kilikuwa kinafanya kazi ileile ambayo kumbi za zamani za Marekani zilikuwa zikiifanya kabla hazijaacha: kuiacha filamu ikae mradi kuna mtu anayeitaka.

Miaka ya katikati ya 1980 nitaipita haraka, ingawa sanduku lako bila shaka limejaa ya wakati huo. Tarehe 22 Mei 1985, filamu ya pili ya Rambo ikawa ya kwanza kufunguliwa katika sinema zaidi ya 2,000 za Marekani, na sijui kijana wa Kitanzania wa wakati ule ambaye hakulijua jina hilo. Mwaka 1984, baada ya wazazi kulalamika kwamba Gremlins na filamu ya pili ya Indiana Jones zilikuwa za kutisha mno kwa watoto, likabuniwa daraja jipya la umri, PG-13. Daraja hilo baadaye likawa makao ya filamu za kiangazi: ukali wa kutosha kumvuta kijana, lakini si kiasi cha kumfungia mlango mtoto mwenye fedha ya tiketi.

Mabadiliko makubwa yalikuja na Batman, tarehe 23 Juni 1989. Miezi mingi kabla, ile nembo ya popo ilikuwa imetapakaa kwenye fulana na kofia kote Marekani. Wikendi ya kwanza iliingiza dola milioni 40, kiasi ambacho hakuna filamu iliyokuwa imekifikia. Kila mtu aliandika kuhusu hilo. Mimi naona tarehe ya maana zaidi ni Novemba ya mwaka huohuo, kanda yake ilipoingizwa madukani kwa bei ya kawaida ya familia, chini ya dola 25. Miezi mitano tu. Kabla ya hapo kanda mpya iliuzwa ghali kwa maduka ya kukodisha, na studio ilisubiri. Batman iliwafundisha kwamba ukiiondoa filamu mapema kwenye kumbi, unaiuza mara ya pili wakati matangazo bado yana moto. Tangu hapo muda wa filamu ukumbini ukaanza kukatwa kama sabuni.

Jurassic Park ya Juni 1993 bado naipenda kwa moyo wote. Watu hudhani ni filamu ya kompyuta. Madinosaria yaliyochorwa na kompyuta yanaonekana kwa dakika chache tu, na mengine ni mashine na mikono ya mafundi. Ndiyo maana haijachakaa.

Na mwaka uliofuata ilikuja ile inayotuhusu sisi moja kwa moja. The Lion King ilifunguliwa kwanza kwenye kumbi mbili tu tarehe 15 Juni 1994, kisha kila mahali tarehe 24. Simba, Rafiki, Pumbaa, fisi mmoja anaitwa Shenzi: majina ya Kiswahili yakaenea duniani kupitia msimu wa kiangazi wa Marekani. Nakumbuka furaha ya kusikia lugha ya bibi yangu kwenye filamu ya Disney. Nakumbuka pia uchungu wa baadaye. Disney iliomba mwaka 1994, na mwaka 2003 ikapewa huko Marekani alama ya biashara ya maneno "Hakuna Matata" kwa ajili ya nguo, maneno ambayo Them Mushrooms wa Kenya walikuwa wameyaimba tangu 1982 na watu wa pwani waliyasema kabla yao. Mwaka 2018 maelfu ya watu walitia saini waraka wa kupinga. Ukiionyesha filamu hiyo, wasimulie vijana wako jambo hili. Wanastahili kulijua, na watakuwa na mengi ya kusema.

Kutoka hapo ni mbio. Twister, tarehe 10 Mei 1996, iliuvuta mwanzo wa msimu nyuma hadi mapema Mei. Spider-Man ya Mei 2002 ikawa filamu ya kwanza kuingiza zaidi ya dola milioni 100 kwa wikendi moja. Na mwaka uliofuata likatokea jambo ambalo huwa nawaonyesha wanafunzi kando ya Jaws, kwa sababu tarehe ni ileile, 20 Juni. Hulk ilifunguliwa kwa dola milioni 62, fedha nyingi sana. Wikendi ya pili ikaanguka kwa karibu asilimia 70. Si filamu mbaya kiasi hicho. Ang Lee, aliyeitengeneza, alikuwa akijaribu kusimulia habari ya baba na mtoto. Lakini ilikuwa imefunguliwa kila mahali kwa mkupuo, walioitaka wote waliiona siku tatu za kwanza, na hapakuwa na wiki ya nne ya kumsubiri mtu atakayeielewa. Katika mfumo wa mwaka 2003, E.T. yenyewe ingekuwa mashakani.

Kulikuwa na filamu zilizopenya. Kiangazi cha 1999 kilikuwa na filamu mpya ya Star Wars iliyosubiriwa miaka 16, lakini ninayoikumbuka zaidi ni The Sixth Sense ya Agosti, iliyoshika nafasi ya kwanza kwa wiki tano kwa sababu kila aliyetoka ukumbini alimlazimisha mwenzake akaione na akakataa kumwambia mwisho wake. My Big Fat Greek Wedding ilianza na kumbi 108 mwezi Aprili 2002, ikapanda polepole kiangazi chote, ikavuka dola milioni 240 bila kushika namba moja hata wikendi moja. Naitaja kwa sababu ni filamu ya harusi, ndugu na majirani wanaojiingiza kila jambo. Vijana wa Morogoro wataicheka kama ya kwao.

Sasa nirudi kwenye sanduku. Baba yako anaposema za zamani zilikuwa bora, anatazama kanda alizozitunza. Kanda ya filamu mbovu haikutunzwa. Ilirekodiwa juu yake kitu kingine, au ilirudishwa kwa aliyeileta. Viangazi vya miaka ya 1980 vilikuwa na takataka nyingi, nimezitazama kwa sababu ya kazi, na hakuna sababu ya wewe kuzitazama. Sanduku ni chekecheo la miaka kumi na mitano ya watu wa mtaa wenu kusema hii rudisha, hii usilete tena. Filamu za mwaka jana hazijapita kwenye chekecheo hilo. Ukilinganisha unga uliochekechwa na ambao bado una pumba, matokeo unayajua kabla hujaanza.

Wala za sasa si za kudharau. Top Gun: Maverick ya Mei 2022 ilikaa ukumbini namna ya zamani, na mwanzoni mwa Septemba ilikuwa bado inajaza watu. Tarehe 21 Julai 2023 zilifunguliwa siku moja Barbie na Oppenheimer, moja ya rangi ya waridi kuhusu mdoli, nyingine ya saa tatu kuhusu aliyeongoza kazi ya bomu la atomiki, na watu wakanunua tiketi za zote mbili kwa siku moja. Barbie ikavuka dola bilioni 1.4 duniani. Lakini hizo ni nyangumi. Filamu ya ukubwa wa kati, ile ambayo ingehitaji wiki tano ili ijulikane, siku hizi huondolewa mapema. Zamani siku 90 hivi zilipita kabla filamu haijatoka ukumbini kwenda majumbani. Baada ya kumbi kufungwa mwaka 2020, Universal na kampuni moja kubwa ya kumbi walikubaliana siku 17. Siku 17, mwanangu. Baba yako alikuwa akiikalisha kanda nzuri muda mrefu kuliko huo.

Kwa hiyo hivi ndivyo ningepanga Jumamosi zako. Usizitandaze filamu kwa miaka, za 1975 mpaka za leo, kama somo la darasani. Uchukue mwaka 1982 uukalie. Katika za mwaka huo, anza na E.T. kwa familia nzima, mapema, watoto wakae mbele. Wiki mbili baadaye, kama ilivyokuwa mwaka ule, weka Blade Runner, lakini tafuta toleo la mwaka 2007 ambalo Ridley Scott mwenyewe aliliridhia, si lile la awali ambalo studio iliongezea masimulizi na mwisho wa furaha. The Thing iwe ya watu wazima tu, usiku, na milango ifungwe kwa watoto kweli. Jaws iwe ya kufungua Juni kabla ya hizo zote, na The Lion King iwe ya Agosti, pamoja na kile kisa cha alama ya biashara. Wiki ambayo hujaipangia filamu, rudia ile iliyopendwa. Usiogope kurudia. Na kama yupo mtu mwenye kipaji cha kusimulia, mpe kipaza sauti usiku mmoja afasiri kama alivyokuwa akifanya Lufufu, au DJ Afro kule Kenya. Vijana wadogo hawajui kwamba mama zao waliitazama Rambo hivyo.

Jambo la ruhusa usilipuuze. Kuwa na kanda si kuwa na haki ya kuionyesha hadharani, hata bila kiingilio. Nenda Bodi ya Filamu Tanzania wakueleze taratibu, na uulize kuhusu leseni ya maonyesho ya jamii kwa kila filamu. Ni kazi ya wiki kadhaa, kwa hiyo anza sasa.

Kanda zenyewe usizisukumize kwenye deki kabla ya kuzikagua. Mulika tochi kwenye kidirisha cha kila moja. Ukiona unga mweupe kwenye kingo za utepe, huo ni ukungu, na ukiingia kwenye vichwa vya deki utaharibu na kanda nyingine zote zitakazofuata. Hizo zitenge mahali pakavu. Zilizo safi, keti na baba mzipitie moja moja, umuulize kila kanda aliionyesha kwa muda gani, nani alikuwa akirudi kuitazama, na ipi aliikataa ikaombwa irudi. Andika kwenye daftari, na tarehe kama anazikumbuka. Nikipita Morogoro nitaomba kuliona.